Sonata ya Beethoven Opus 2 Namba 3: jinsi ya kuiandaa mpaka jukwaani

Sonata hii ya C meja huwavutia wapiga piano vijana kwa sababu ile ile inayowaangusha: mbio. Ina noti pacha, oktavu zilizovunjwa, apejio (kodi zinazopigwa noti moja moja) zinazopanda na kushuka, trilo ndefu (noti mbili jirani zinazopishana haraka), na karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza kuna kadensa, yaani kipande cha mpiga solo peke yake kinachosikika kama kinabuniwa papo hapo, kitu ambacho kwa kawaida unakikuta kwenye konseto (muziki wa mpiga solo na okestra) na si kwenye sonata ya piano. Mtu anaifungua, anaanza kukimbiza vidole, na baada ya miezi miwili ana kurasa nyingi za vidole na muziki kidogo sana.

Mwongozo huu ni kwa aliyekwisha kuvuka kiwango cha Gredi ya 8 ya mitihani ya piano, au mwalimu mwenye mwanafunzi wa aina hiyo. Shauri langu ni moja na nitalirudia kila penye haja: isome kama konseto ambayo okestra yake imefichwa ndani ya mikono yako miwili. Ukishajua ni nani anayepiga katika kila mstari, okestra au mpiga solo, nusu ya matatizo ya vidole yanapata jibu lake.

Historia yake inaunga mkono usomaji huo. Beethoven alihamia Vienna Novemba 1792, akasoma kwa mtunzi Joseph Haydn mpaka Haydn alipoondoka tena kwenda London mwanzoni mwa 1794. Sonata tatu za Opus 2 zilichapishwa na Artaria mjini Vienna mwaka 1796, zikiwa zimetunukiwa Haydn huyo huyo. Beethoven alikuwa na miaka 25, na mjini alijulikana kwanza kwa vidole vyake: alialikwa kwenye nyumba za wakubwa kupiga na kubuni muziki papo hapo. Sonata za piano za Haydn na Mozart kwa kawaida zilikuwa na sehemu tatu, wakati mwingine mbili. Kijana huyu akaandika nne, kwa kipimo cha simfoni. Alikuwa anajitangaza, na hakuna ubaya kukubali hilo unapoipiga.

Hatua ya kwanza: nota

Tafuta toleo la urtext, yaani lile linalofuata maandishi ya zamani bila nyongeza za mhariri. Wachapishaji Henle na Bärenreiter wanalo, na ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wanalo pia. Nakala za bure za IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, zinafaa kwa kuangalia, lakini nyingi ni za karne ya 19 na wahariri wake walijaza mistari ya kuunganisha, alama za nguvu na pedali walivyopenda wao. Kwenye Opus 2 Beethoven hakuandika pedali hata mara moja. Hakuandika namba ya metronomu pia: chombo hicho kilipata hataza mwaka 1815, na kati ya sonata zake zote za piano ni Opus 106 peke yake aliyoipa namba kwa mkono wake. Kwa hiyo namba yoyote unayoikuta juu ya ukurasa wa kwanza ni maoni ya mtu mwingine. Yaheshimu kama maoni.

Weka namba za vipimo (vile visehemu vinavyotenganishwa na mistari wima kwenye nota) kwa penseli ikiwa toleo lako halina. Nitazitumia hapa.

Hatua ya pili: kinanda chenyewe

Piano ya Vienna ya miaka hiyo ilikuwa na oktavu 5, kutoka F ya chini hadi F ya juu, vibao 61. Vibao vyake vilikuwa vyepesi, vinazama kidogo tu, na sauti ilikatika upesi. Ndiyo maana Beethoven aliweza kuandika kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mkono wa kushoto bila kuzamisha kila kitu. Ukizipiga kodi hizo kwa uzito ule ule kwenye piano kubwa ya leo, unapata matope. Mkono wa kushoto upunguze, karibu kila mahali.

Wapo watakaosema: vibao 61, basi kibodi yangu ya kanisani inatosha. Haitoshi. Kibodi ya vibao 61 huanzia C na kuishia C, kwa hiyo besi za chini kabisa zinakosekana, na huku juu unabaki na vibao usivyovihitaji. Zaidi ya hapo, kibao kisicho na uzito hakikufundishi lolote kuhusu sauti ya chini, na sonata hii inaanza kwa sauti ya chini. Piano ya dijitali ya vibao 88 vyenye uzito ni msaada mzuri, hasa kwa wanaoishi Dar, Mombasa au Unguja ambako unyevu na chumvi ya bahari hutia kutu nyuzi na kuvimbisha mbao za piano ya akustiki. Ila kabla ya onyesho, pata walau siku chache kwenye piano halisi. Trilo za sehemu ya mwisho hubadilika kabisa pale kibao kinaporudi juu kivivu.

Hatua ya tatu: penseli mbili za rangi

Kabla ya kugusa kinanda, kaa mezani na nota. Rangi moja ni okestra, nyingine ni mpiga solo. Vipimo 12 vya mwanzo ni sauti chache za nyuzi, zinazungumza kwa upole. Kipimo cha 13 okestra nzima inalipuka kwa nguvu zote, na papo hapo vidole vya mpiga solo vinachukua nafasi. Kipimo cha 27, kwenye G maina, ni mpiga solo peke yake anayeimba juu ya mkono wa kushoto unaotiririka. Kipimo cha 47, penye neno *dolce*, yaani kwa utamu, sauti mbili zinajibizana, na hapo mimi husikia vyombo vya kupuliza. Wewe unaweza kusikia vingine. Muhimu uamue.

Kazi hii inachukua jioni moja, na hakuna jioni utakayoitumia vizuri zaidi.

Hatua ya nne: noti pacha za mwanzo

Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza sonata kabla haijaanza. Wazo la kwanza ni noti ndefu, halafu noti nne za haraka zinazojizungusha, zote zikiwa pacha: mkono wa kulia unapiga noti mbili kwa pamoja, zikiwa zimeachana kwa hatua ya tatu, kama C na E. Zinatakiwa zisikike sawasawa, kwa sauti ya chini, kwenye dakika ya kwanza ya onyesho, mikono ikiwa bado ya baridi.

Anza na vidole (gumba ni 1, kidole kidogo ni 5). Jaribu jozi ya 2 na 4 ikipishana na 1 na 3, kisha jaribu 3 na 5 ikipishana na 2 na 4. Mkono mdogo mara nyingi hupenda ya kwanza, mkono mrefu ya pili. Chagua moja ndani ya siku mbili na usibadilishe tena. Wapo wapiga piano wanaoupa mkono wa kushoto baadhi ya noti za chini. Si dhambi, ila hakikisha sauti haivunjiki pale mikono inapopokezana, na kumbuka kwamba wazo hili litahamia hadi mkono wa kushoto, ambako ujanja huo hautakusaidia.

Kisha fanya hivi, polepole, pigo 60 kwa dakika. Piga sauti ya juu peke yake kwa vidole ulivyochagua, ukiunganisha. Piga ya chini peke yake. Sasa piga zote mbili, ya juu ikiwa imeunganishwa na ya chini ikiwa imekatwa kwa stakato. Ni vigumu, na ndiyo maana inafanya kazi: ubongo unalazimika kutofautisha vidole viwili vilivyozoea kuanguka kama kimoja. Geuza: ya juu stakato, ya chini kuunganisha. Ukirudi kwenye maandishi ya kawaida utaona zimenyooka zenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu mwanzo: ile noti ndefu kabla ya noti za haraka. Wengi huibana kibao muda wote huo, misuli ya mkono inakaza, na noti nne zinazofuata zinatoka kwa kukwaruza. Ukishaipiga, legeza. Kibao kitabaki chini kwa uzito mdogo tu wa kidole. Mtu aliye pembeni yako anapaswa kuweza kuinua kiwiko chako bila upinzani wakati noti inalia.

Kama umekulia kwenye kwaya una faida hapa. Imba besi ya vipimo hivi huku ukipiga sauti za juu, halafu imba sauti ya ndani. Ukishindwa kuimba sauti fulani, jua bado huisikii, na msikilizaji hataisikia.

Hatua ya tano: mbio za sehemu ya kwanza

Kuanzia kipimo cha 13, kodi zilizovunjwa zinakwenda kasi. Zipige kwanza zikiwa kodi nzima, ukihama kutoka umbo moja hadi jingine bila kuangalia, ndipo uzivunje. Fanya hivyo hivyo kwenye apejio za katikati ya sehemu hii, pale ufunguo unapohamahama mpaka wazo la mwanzo linapotokea kwenye D meja, kipimo cha 109. Hayo ni marejeo ya uongo. Msikilizaji anadhani tumefika nyumbani kumbe tuko mtaa wa pili, na nyumbani kwenyewe, C meja, ni kipimo cha 139. Usipige pale pa 109 kama mtu aliyefika.

Oktavu zilizovunjwa karibu na mwisho wa theluthi ya kwanza zinahitaji mzunguko wa mkono kuanzia kwenye kiwiko, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Vidole vyenyewe havina kazi kubwa. Kidole gumba kiwe chepesi kabisa, uzito uelekee upande wa kidole cha 5. Ukisikia maumivu juu ya kifundo cha mkono, simama. Namaanisha simama siku hiyo, usijaribu mara moja tena. Maumivu ya aina hiyo yanayofanyiwa ukaidi huweza kukuweka nje ya kinanda kwa miezi.

Metronomu itumie kwa kupanda ngazi, lakini usipande kwa sehemu nzima. Chagua kipande cha vipimo viwili, kipandishe mpaka kifikie kasi ya mwisho, kisha kiungane na jirani yake. Mimi naona mapigo 138 hadi 146 kwa dakika yanatosha kuonyesha moto bila kupoteza maneno. Wapo wanaokwenda kasi zaidi, na wapo wachache wanaoiweza kasi hiyo. Kabla ya kuanza kupiga, kumbuka kichwani zile oktavu zilizovunjwa, ujue utazipiga kwa kasi gani, ndipo uweke noti ya kwanza. Anayechukua kasi kutoka kwenye mstari wa kwanza hujuta kipimo cha 13.

Halafu kadensa. Mnamo kipimo cha 218 muziki unageuka ghafla kwenye A-flati meja, apejio zinapanda na kushuka, giza linaingia, mpaka tunasimama kwenye fermata, alama ya kushikilia. Kinachofuata Beethoven amekiandika mwenyewe, hutakiwi kubuni. Lakini kinatakiwa kisikike kama kinabuniwa sasa hivi. Ukikihesabu kwa mguu, umekiua. Kigawe kwa pumzi: pumzi ya kuuliza, pumzi ya kutafuta njia, pumzi ya kurudi kwenye trilo na wazo la mwanzo. Hapa ndipo kumbukumbu huanguka zaidi, kwa sababu hakuna mapigo ya kukushika. Jifunze kuanzia sehemu tatu tofauti ndani ya kadensa, ili ukipotea uwe na pa kurukia.

Hatua ya sita: Adagio (sehemu ya pili, ya polepole)

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha mpiga piano na mkimbiza vidole. Iko E meja, mbali na C, na ingeonekana kama nchi nyingine kabisa. Mwanzo wake ni vifungu vifupi vilivyokatwakatwa na ukimya. Kosa la kawaida ni kufupisha ule ukimya. Hesabu ndani, kwa noti ndogo, na usiinue mkono kabla ya wakati wake.

Kwenye kipimo cha 11 tunaingia E maina. Mkono wa kulia unatembea katikati ya kinanda kwa noti ndogo zisizokoma, na wa kushoto unapiga besi chini kisha unavuka juu ya wa kulia kujibu kwa sauti nyembamba. Fanya mazoezi ya kushoto peke yake: besi, ruka, gusa, bila kupiga. Gusa tu kibao unachokwenda, uhakikishe uko mahali pake, ndipo upige. Kuruka kuwe mapema na kutua kuwe polepole. Mkono wa kulia, maskini, usitake kusikika; ni upepo unaopita nyuma ya mazungumzo.

Pedali hapa ni ya lazima kwenye piano ya leo, lakini ibadilishe kwa kila badiliko la besi, na kwenye ukimya wa mwanzo iondoe kabisa. Kwenye sehemu nyingine zote itumie kidogo kuliko unavyotaka.

Kipimo cha 53 wazo la mwanzo linalipuka kwa nguvu zote kwenye C meja, ufunguo wa nyumbani wa sonata nzima. Linashtua hata kwa anayelijua. Usiliandae, usipunguze kasi kabla yake, usiinue mabega kuwaonyesha watu kwamba kuna jambo linakuja.

Hatua ya saba: Scherzo (sehemu ya tatu)

Sauti zinaingia moja baada ya nyingine zikiigana. Kila inayoingia ipige kwa namna ile ile iliyopigwa na iliyotangulia: kama ya kwanza ilikatwa fupi, zote zikatwe fupi. Kwenye Trio, kipande cha katikati, ya A maina mkono wa kulia una apejio za tatu tatu, lakini muziki uko mkono wa kushoto, kwenye oktavu. Mwishoni sauti inafifia kabisa. Acha ifife.

Hatua ya nane: Allegro assai (sehemu ya mwisho)

Mkono wa kulia unapanda ngazi kwa kodi za noti tatu tatu, kwa stakato na kwa sauti ya chini, kwenye mwendo wa 6/8. Ukizishika moja moja hutafika juu. Hesabu mapigo mawili makubwa kwa kipimo, na kila pigo liwe msukumo mmoja wa kifundo cha mkono unaobeba kodi tatu. Umbo la mkono lisibadilike: likishawekwa, linahamishwa zima.

Mazoezi yake ni kwa tabaka. Piga noti za juu tu, vidole vya 4 na 5 vikipishana. Piga za kidole gumba tu. Piga ya juu na ya chini bila ya katikati. Mwisho rudisha ya katikati, nyepesi kuliko zote. Na mkono wa kushoto usiusahau, maana nao una mbio zake, na watu huja kugundua hilo wiki ya mwisho.

Wazo la F meja, kipimo cha 103, ni kodi zilizotulia kama wimbo wa ibada. Kishawishi ni kupunguza kasi. Pigo lile lile, ila pumzi ndefu. Baadaye zinakuja trilo zinazorundikana. Anza trilo polepole kidogo na uiharakishe, itasikika ya kasi kuliko ilivyo. Karibu na mwisho muziki unasita, unaulizia A meja na A maina, unapungua, kisha unarudi kwa kasi ya awali na kukimbia hadi mwisho. Ule msito ufanyie mazoezi mbele ya mtu, kwa sababu ukiwa peke yako unauona mrefu mno na unaukata.

Siku ya onyesho

Jipe miezi minne mpaka sita kutoka siku ya kwanza. Mwezi wa mwisho ipige yote bila kusimama, ukijirekodi kwa simu, walau mara moja kwa wiki. Ni takriban dakika 25, na uchovu wa dakika ya 20 huwezi kuujua mpaka umefika hapo. Ukumbini, omba muda wa kujaribu piano na ujaribu mambo matatu tu: noti pacha za mwanzo kwa sauti ya chini, trilo moja ndefu, na kodi za mwanzo wa sehemu ya mwisho. Hayo yatakuambia kibao kinarudi vipi na ukumbi unarudisha sauti kiasi gani. Usipige sonata nzima siku hiyo.

Wasikilizaji wa kwetu hupiga makofi sehemu ya kwanza ikiisha, na kwa mwisho kama ule wanayo haki. Usikunje uso. Inamisha kichwa ukiwa umekaa, weka mikono mapajani mpaka watulie, kisha tafuta kasi ya Adagio kichwani kabla ya kuinua mikono. Kati ya Adagio na Scherzo, kinyume chake, mikono ibaki juu ya kinanda ili wasipate nafasi. Kati ya Scherzo na sehemu ya mwisho fanya hivyo hivyo, na uingie mara tu noti ya mwisho ya besi inapokwisha.